Jinsi ya Kupika Maharage na Adesi za Akiba Zikaiva na Kutoa Milo Mingi

Maharage makavu yakikataa kuiva, lawama huenda kwa moto. Mara nyingi moto hauna kosa. Chanzo kiko kwenye chombo yalimohifadhiwa, kwenye maji ya kupikia, au kwenye nyanya iliyotiwa sufuriani kabla ya wakati wake. Ukiyamudu hayo matatu, kilo moja ya maharage na nusu kilo ya adesi zitakulisha siku kadhaa, na hutamaliza mkaa wala gesi.

Vipimo vinavyotumika hapa: kikombe ni mililita 250, na kinabeba takriban gramu 200 za maharage au adesi kavu. Kijiko cha chakula ni mililita 15, cha chai ni mililita 5. Kikombe kimoja cha maharage makavu kikiiva hutoa vikombe viwili na nusu hadi vitatu, kwa hiyo nusu kilo hukupa kama vikombe saba. Adesi, au kamande kama wengine wanavyoziita, ni zile punje ndogo bapa. Nzima za kahawia au kijani hubaki na umbo lake zikiiva. Nyekundu ambazo zimekobolewa na kupasuliwa huvurugika zenyewe kuwa rojo. Usizibadilishe kiholela, maana muda wao wa kuiva haufanani.

Kuhifadhi

Hapa ndipo maharage mengi huharibikia, miezi kabla hayajainjikwa jikoni. Joto na unyevunyevu vikiyakalia kwa muda mrefu, kalsiamu na magnesiamu huachiliwa ndani ya punje na kwenda kuifunga pektini, ile gundi inayoshikanisha seli. Gundi hiyo ndiyo inayotakiwa kuyeyuka ili punje ilainike. Ikishafungwa, unaweza kuchemsha saa tatu na bado ukatafuna vijiwe. Kwa hiyo tafuta mahali pakavu, penye giza na penye ubaridi. Kabati lililo juu ya jiko ni mahali pabaya kuliko pote nyumbani, kwa sababu mvuke na joto hupanda huko kila siku.

Kabla ya kufunga chombo, hakikisha maharage yamekauka. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, jaza theluthi yake kwa maharage, tia vijiko viwili vya chakula vya chumvi iliyo kavu kabisa, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, maharage bado yana unyevu. Yaanike tena. Ukiyafunga hivyo yatavunda na kuota ukungu, na yenye ukungu hayaokolewi kwa kuoshwa wala kuchemshwa.

Kuhusu wadudu: tundu dogo la duara kwenye punje ni mahali alipotokea mdudu aliyekulia ndani. Mayai na mabuu huwa tayari yamo wakati unanunua, ndiyo maana maharage yaliyoonekana safi hugeuka unga baada ya miezi miwili. Kama una friza inayofikia nyuzi 18 chini ya sifuri, weka maharage humo ndani ya mfuko uliofungwa kwa siku 4 hadi 7, kisha yatoe bila kufungua mfuko hadi yafikie joto la chumba. Ukifungua mapema, umande utaganda juu ya punje. Kama huna friza, tumia chombo kisichopitisha hewa na ukijaze hadi juu. Wadudu humaliza hewa iliyomo na kufa. Kila ukifungua unawapa hewa mpya, kwa hiyo vyombo vidogo kadhaa ni bora kuliko kimoja kikubwa.

Andika tarehe ya kununua kwenye chombo. Usichanganye maharage mapya na ya zamani, hata yakifanana rangi: mapya yatapasuka na ya zamani yatakuwa bado magumu katika sufuria moja. Yakitunzwa vizuri huiva bila taabu mwaka wa kwanza na hata wa pili. Baada ya hapo bado yanalika, lakini yatakudai muda na moto zaidi.

Kuchambua na kuloweka

Mwaga kikombe kimoja kimoja kwenye sinia la rangi nyeupe na usogeze punje kwa vidole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kijiwe chenye rangi ya maharage hakionekani kwenye rundo. Huonekana pale tu punje zinapolala safu moja. Adesi zinahitaji jicho kali zaidi, kwa sababu vijiwe vyake huwa na ukubwa uleule wa punje. Toa zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye tundu. Kisha osha kwa maji mengi na umwage zinazoelea.

Adesi haziloweki. Ngozi yake ni nyembamba na punje ni ndogo, maji hupenya zikiwa motoni. Maharage yanataka kulowekwa hivi:

1. Kwa nusu kilo ya maharage, weka lita 2 za maji kwenye chombo kikubwa. Maharage yatavimba hadi uzito wake ukaribie mara mbili, na chombo kidogo kitafanya ya juu yabaki makavu.
2. Koroga vijiko viwili vya chakula vya chumvi, yaani kimoja kwa kila lita.
3. Acha saa 8 hadi 12. Kukiwa na joto kali, weka kwenye friji au badilisha maji katikati (urudishie na chumvi), la sivyo yataanza kuchacha na kutoa povu.
4. Kata punje mbili tatu katikati. Zikiwa na rangi moja hadi ndani, tayari. Kukiwa na kiini cheupe na kikavu, ongeza saa kadhaa.
5. Mwaga maji hayo, suuza, na upikie maji mapya.

Watu wengi husema chumvi huyafanya maharage kuwa magumu. Si kweli. Sodiamu ya kwenye chumvi huchukua nafasi ya kalsiamu na magnesiamu kwenye ngozi ya punje, ngozi ikalainika na haipasuki ovyo. Kinachoyafanya magumu ni uchachu: nyanya, ndimu, siki, ukwaju. Asidi huzuia pektini isiyeyuke. Ndiyo maana maharage yaliyotiwa nyanya mapema hubaki yalivyokuwa saa ile nyanya ilipoingia, hata ukiendelea kuchochea moto hadi usiku.

Maji ya kulowekea humwagwa kwa sababu yameshanyonya sehemu ya sukari zinazoitwa rafinosi na stakiosi. Utumbo mdogo wa binadamu hauwezi kuzimeng'enya. Zikifika utumbo mpana, bakteria huzila na kutoa gesi. Kumwaga maji hakumalizi gesi yote, lakini tofauti inaonekana, hasa kwa asiyezoea kula maharage.

Ukisahau kuloweka usiku, chemsha maharage kwa dakika 3, zima, funika saa moja, mwaga maji na uanze upya. Hayatalingana na ya usiku kucha, lakini yatafaa.

Kama baada ya saa 12 baadhi ya punje zimebaki ndogo na ngumu huku nyingine zimevimba, ngozi zake zimekataa maji. Hutokea kwa maharage yaliyokaa mahali pakavu mno. Zichague uzitoe, au zipike peke yake siku nyingine.

Kuchemsha maharage

Chemsha sufuria nzima mara moja kwa ajili ya milo ya siku tatu. Kuwasha moto kila siku kwa kikombe kimoja cha maharage ni kupoteza nishati. Kwa nusu kilo iliyolowekwa, tia maji hadi yapite juu ya maharage kwa kama sentimita 4, ongeza kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kupunguza povu, kitunguu kizima kilichokatwa mara mbili, na kijiko kimoja cha chai cha chumvi.

Anza na moto mkali. Maji yakitokota kwelikweli, hesabu angalau dakika 10 bila kupunguza. Hatua hii ni ya usalama. Maharage mengi, na mekundu makubwa kuliko yote, yana sumu ya asili iitwayo fitohemaglutinini. Punje nne au tano zisizoiva zinaweza kumtapisha na kumharisha mtu ndani ya saa chache. Kuchemka kamili huiua sumu hiyo. Joto la chini haliiui, na maharage yaliyopashwa hadi nyuzi 80 tu yanaweza kudhuru kuliko mabichi. Kwa hiyo sufuria ya umeme inayopika polepole haifai kwa maharage mekundu isipokuwa umeyachemsha kwanza jikoni.

Baada ya hapo punguza moto hadi maji yawe yanacheza tu juu. Moto mkali usioisha hurusha punje huku na huku, ngozi zikachanika wakati ndani bado pagumu. Acha kifuniko wazi kidogo. Maji yakipungua ongeza ya moto, kwa sababu ya baridi huzima mchemko na kukurudisha nyuma.

Maharage mapya yaliyolowekwa huiva kwa dakika 45 hadi 90 kulingana na aina na ukubwa. Ya zamani huchukua saa 2 au 3. Mwinuko nao una neno: kila mita 300 kutoka usawa wa bahari hushusha joto la kuchemka kwa karibu nyuzi moja, hivyo kwenye mita 1,800 maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Anayeishi milimani asishangae akihitaji muda zaidi ya ulioandikwa.

Usionje punje moja ukaridhika. Chukua tano kutoka sehemu tofauti za sufuria na uziponde kwa ulimi dhidi ya kaakaa. Zote zikipondeka kama kitu kimoja, yameiva. Hata moja ikiwa na kiini cha unga, ongeza dakika 15 na uonje tena.

Yakiwa yamegoma baada ya saa 2, fikiria maji yako. Maji yenye chokaa nyingi huingiza kalsiamu kwenye punje na kufanya kazi ileile mbaya ya hifadhi ya joto. Unayatambua kwa utando mweupe ndani ya birika. Tumia maji ya mvua yaliyo safi, au chemsha maji kwanza, yaache yatulie na utumie ya juu. Dawa nyingine ni bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki: robo kijiko cha chai kwa nusu kilo, si zaidi. Inaharakisha kuyeyuka kwa pektini, lakini ikizidi maharage huwa na ladha ya sabuni, hugeuka uji, na vitamini B1 huharibika. Magadi yana kazi hiyohiyo ila ukali wake hutofautiana, kwa hiyo ni vigumu kuyapima sawasawa.

*Sufuria ya presha.* Isijae zaidi ya nusu. Maharage yaliyolowekwa yanataka dakika 10 hadi 15 kuanzia presha inapopanda, kisha zima na uache ishuke yenyewe. Ukiitoa kwa nguvu, maji ndani hufoka ghafla, punje hupasuka na povu huziba tundu la mvuke. Adesi nyekundu usizitie humo. Povu lake ni jingi na zinaiva upesi hata hivyo.

*Kubakiza joto.* Mwenye uhaba wa mkaa au gesi achemshe maharage yaliyolowekwa kwa dakika 15 hadi 20 kwa mchemko kamili, afunike vizuri, kisha aitie sufuria ndani ya kapu au boksi lililojazwa mablanketi pande zote, chini na juu. Iache saa 3 hadi 4 bila kufunguliwa. Sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili, maana chakula kidogo hupoa haraka. Ukifungua, irudishe jikoni ichemke tena kabla ya kula, na kama bado ni magumu, umalizie hapohapo.

Maji yaliyobaki baada ya kuiva ndiyo mchuzi. Usiyamwage.

Maharage ya kuunga (watu 4)

Vikombe 3 vya maharage yaliyoiva pamoja na kikombe kimoja na nusu cha maji yake, vitunguu 2, nyanya 3 zilizoiva, punje 3 za kitunguu saumu, vijiko 3 vya chakula vya mafuta, kijiko kimoja cha chai cha binzari, chumvi.

Kaanga vitunguu kwa moto wa wastani hadi viwe na rangi ya dhahabu, kama dakika 8. Tia kitunguu saumu na binzari, koroga nusu dakika tu, kwani binzari iliyoungua huleta uchungu usioondoka. Ongeza nyanya zilizokatwa na chumvi kidogo. Sasa kuwa na subira: pika hadi nyanya zivurugike zote, maji yake yakauke na mafuta yaonekane pembeni ya mwiko ukiukokota chini ya sufuria. Hiyo ni dakika 10 au 12. Wanaoharakisha hapa hupata mchuzi mwepesi wenye harufu ya nyanya mbichi, kisha hujaribu kuuokoa kwa viungo zaidi. Mimina maharage na maji yake, ponda upawa mmoja wa maharage ubavuni mwa sufuria ili rojo ishike, na uache ichemke polepole dakika 15. Onja chumvi mwishoni, kwa kuwa maji ya maharage tayari yana chumvi.

Adesi nyekundu ya haraka (watu 3)

Osha kikombe kimoja cha adesi hadi maji yasiwe meupe sana. Tia vikombe 3 vya maji na nusu kijiko cha chai cha manjano, chemsha, engua povu linalopanda dakika za mwanzo, kisha punguza moto. Baada ya dakika 15 hadi 20 zitakuwa zimevurugika. Koroga kila baada ya dakika chache kuelekea mwisho, maana hukaa chini na kuungua bila kutoa dalili juu. Tia chumvi.

Kwenye kikaango pasha vijiko 2 vya chakula vya mafuta, tia kijiko kimoja cha chai cha binzari nyembamba nzima. Zikianza kulia na kunukia, weka punje 3 za kitunguu saumu zilizokatwa nyembamba. Kingo zikipata rangi, mimina yote juu ya adesi na ufunike mara moja kwa dakika mbili. Mafuta haya ndiyo yanayobadilisha sufuria ya bei ndogo kuwa chakula cha kuombwa tena. Kamua nusu ndimu juu yake wakati wa kula: huamsha ladha, na vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye adesi.

Adesi na wali katika sufuria moja (watu 3)

Kosa la kawaida ni kutia mchele na adesi nzima pamoja. Mchele huwa bokoboko wakati adesi zingali ngumu.

1. Chemsha nusu kikombe cha adesi za kahawia kwenye vikombe 4 vya maji kwa dakika 15. Chuja, na utunze maji yake.
2. Kata vitunguu 2 vikubwa vipande vyembamba, vikaange kwenye vijiko 4 vya chakula vya mafuta kwa moto mdogo, dakika 15 hadi 20, hadi viwe vya kahawia. Toa nusu uweke kando.
3. Tia kikombe kimoja cha mchele uliooshwa na kuchujwa, geuza dakika moja. Ongeza adesi, kijiko kimoja cha chai cha chumvi na vikombe 2 vya yale maji.
4. Yakichemka, funika kabisa, moto wa chini kabisa, dakika 18. Zima, usifunue kwa dakika 10. Chambua kwa uma na unyunyize vitunguu vilivyobaki.

Nafaka na jamii ya kunde hukamilishana kwa protini: kila kimoja kina asidi amino (vijenzi vya protini) ambazo mwenzake anazo kidogo.

Siku ya pili na ya tatu

Maharage yaliyobaki hufanya supu nzuri: vikombe 2 vya maharage, vikombe 3 vya maji yake, karoti moja na kitunguu vilivyokaangwa kidogo, dakika 20, kisha ponda nusu yake.

Vileja vya maharage vya kukaanga vinataka maharage yaliyoiva yasiyo na majimaji. Chuja vikombe 2 vizuri, yatandaze yapoe na mvuke uishe, ponda na uache vipande kiasi. Changanya kitunguu kidogo kilichokatwakatwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko 3 vya chakula vya unga wa ngano. Finyanga unene wa sentimita moja na nusu, weka mahali pa baridi nusu saa, kisha kaanga dakika 4 kila upande. Vikivunjika, ama maharage yalikuwa na maji, ama umevigeuza kabla upande wa chini haujashika.

Kutunza yaliyopikwa

Usiache sufuria mezani usiku kucha. Gawa maharage kwenye vyombo vipana visivyo na kina ili yapoe upesi, na yaingie friji ndani ya saa 2, yakiwa ndani ya maji yake ili ngozi zisikauke. Yatakaa siku 3 hadi 4. Kwenye friza hufika miezi mitatu bila kupoteza ladha. Fungasha vikombe viwili viwili na uache nafasi ya sentimita 2 juu, kwa kuwa maji huvimba yakiganda. Pasha kiasi unachokula tu, na kichemke. Yakitoa vipovu, utelezi au harufu ya uchachu, tupa. Bakteria wengine huacha sumu isiyoondoka hata ukichemsha tena.